Hisa za gawio: maswali ninayoulizwa kila msimu wa korosho ukiisha

Nina duka la pembejeo hapa Mtwara mjini, nauza sulfa, mabomba ya kupulizia, mbegu na vikorokoro vingine, na kuanzia Novemba hela za mnada zikishaingia kwenye akaunti za watu swali linakuwa moja tu, eti nasikia wewe unanunua hisa, zinalipa? Nimejibu sana mdomo umekauka, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Mi sio mshauri mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, mi ni mwanahisa wa kawaida mwenye daftari, na daftari lenyewe lina kurasa za aibu pia, mtaziona.

Gawio ni nini hasa? Ni kama malipo ya pili ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima)?

Hapana, na hapa ndo wengi wanaanza vibaya. Malipo ya pili ilikuwa ni bei ya korosho yako mwenyewe uliyopeleka ghalani, deni lako, ukicheleweshewa una haki ya kuja juu. Gawio ni sehemu ya faida ambayo bodi ya kampuni inapendekeza na mkutano mkuu wa wanahisa unapitisha. Mwaka huu lipo, mwakani wanaweza kusema hakuna, na huna kesi. Kampuni haikudai na wewe huidai, wewe ni mwenye mali kama wenye mali wengine, shamba likizaa mnagawana, lisipozaa mnatazamana.

Asilimia ya gawio inapigwaje?

Gawio la hisa moja kwa mwaka gawa kwa bei ya hisa, zidisha mara mia. Hisa inauzwa 400, gawio 32, hiyo ni asilimia 8. Kwa kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa Dar (DSE) wanakata kodi ya zuio asilimia 5 ya gawio kabla halijakufikia, kwa hiyo mkononi unapata 30.40, yaani 7.6. Ukiona kampuni haiko sokoni kodi hiyo ni 10.

Basi, hesabu yenyewe ya darasa la sita. Shida ni kwamba watu wanaishia hapo.

Si nichague tu yenye asilimia kubwa kuliko zote?

Ngoja nikuoneshe ukurasa wa kwanza wa aibu. Kuna kampuni moja, siitaji, niliikuta inauzwa 500 na gawio lake la mwaka uliopita lilikuwa 70. Nikapiga, 70 kwa 500, asilimia 14! Nikamwambia wifi yangu hawa watu wa Dar hawana macho, kitu kama hiki kimeachwaje. Nikaweka milioni moja, hisa elfu mbili.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba bei ilikuwa imeporomoka kwa sababu wenye macho walishaona faida ya mwaka ule imeyeyuka. Yaani nilichukua gawio la jana nikaligawa kwa bei ya leo, namba ikatoka nene kwa sababu ya chini ilikuwa inakonda. Mwaka uliofuata gawio hakuna, uliofuata hakuna, wa tatu hakuna. Asilimia 14 yangu ilikuwa kwenye karatasi tu, sikupata hata shilingi ya vocha.

Tangu hapo nikiona asilimia imepita sana wenzake sokoni siulizi nitapata ngapi, nauliza kwanini wenye hisa hizi wanaziuza kwa bei hiyo. Ni kama mtu anakuja na kangomba, anakupa korosho kwa bakuli kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, anauza vile kwa sababu kuna kitu kimembana, na wewe ujue ni nini kabla hujafurahi.

Nitajuaje kama gawio litaendelea kulipwa?

Kwa uhakika hutajua. Ila kuna vitu natazama kwenye ripoti ya mwaka, zinawekwa wazi kwenye tovuti za kampuni na za DSE, bure kabisa.

Cha kwanza ni wanagawa kiasi gani cha faida. Kwa mfano benki ya NMB kwa mwaka 2024 walitangaza gawio la shilingi 428.85 kwa hisa, wana hisa milioni 500, kwa hiyo ni kama bilioni 214, na faida yao ya mwaka huo baada ya kodi ilikuwa bilioni 640 na kitu. Theluthi moja inatoka, theluthi mbili inabaki ndani inafanya kazi. Kampuni ya hivyo faida ikishuka hata kwa robo bado inaweza kulipa kilekile bila kukopa. Kampuni inayogawa shilingi 95 katika kila 100 ya faida haina pa kushika, ikikohoa tu gawio linakatwa. Na ukikuta inagawa zaidi ya faida yake, hapo wanakula mbegu.

Cha pili, faida ya kwenye karatasi sio hela. Kuna ukurasa wa mtiririko wa fedha, watu wanauruka kwa sababu ni mgumu kusoma, mi ndo naanza nao kwa kampuni za viwanda na huduma. Kama faida inapanda kila mwaka lakini hela iliyoingia kutokana na biashara yenyewe inapungua, basi wanauza kwa mkopo na wateja hawalipi. Mimi mwenye duka naijua hiyo vizuri sana, kuna mwaka daftari la mikopo ya sulfa lilionesha mimi ni tajiri na kodi ya fremu nilikosa. Kwa benki ukurasa huo unachanganya, huko natazama mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawailipi.

Cha tatu ndo nakipenda, historia, na sio ya mwaka mmoja au miwili. Chukua benki ya CRDB. Gawio la mwaka 2015 lilikuwa shilingi 17 kwa hisa. 2016 likawa 10. 2017 likawa 5. Mikopo chechefu ilikuwa imebana mabenki mengi miaka ile na faida ya CRDB ilikuwa imeshuka mno. 2018 likawa 8, 2019 likarudi 17, 2020 22, halafu 36, 45, 50, na la 2024 likafika 65. Sasa jiulize, ungekuwa umenunua 2015 ukaona 17, 10, 5, na bei nayo imeshuka chini ya ile 150 ya walionunua toleo la kwanza 2009, ungebaki? Usinijibu haraka. Mjomba wangu wa Newala hakubaki, aliuza 2018 akasema hela bora ikae kwenye ng'ombe, na simlaumu kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa anajua 65 inakuja.

Hiyo ndo hatari ya hisa ya gawio, iko hata kwenye kampuni nzuri, na haionekani kwenye ile asilimia.

Sasa faida yangu ya muda mrefu naihesabuje?

Jumlisha vyote. Gawio lililofika mkononi, jumlisha au toa mabadiliko ya bei, toa makato ya dalali anayekununulia na kukuuzia hisa, halafu kumbuka mfumuko wa bei. Ukihesabu gawio peke yake ni kama kuhesabu korosho bila kutoa palizi na dawa.

Tuseme ile hisa ya 400. Umekaa nayo miaka mitano, kila mwaka 30.40 mkononi, jumla 152. Bei imesogea ikawa 460, hapo una 60. Kwa miamala midogo makato ya dalali na ada za soko kwa pamoja yanazidi kidogo asilimia 2 ukinunua, na vilevile ukiuza, kwa hiyo weka 9 za kuingilia na 11 hivi za kutokea. Umebaki na 192 juu ya 400 yako. Ukizingatia kwamba gawio lilikuwa linaingia kidogo kidogo njiani, inatoka kama asilimia 9 kwa mwaka. Mfumuko wa bei nchini miaka ya karibuni umekuwa kwenye 3 hadi 4, basi ulichoongeza kweli kweli ni 5 au 6.

Sasa igeuze. Hisa ileile, gawio lilelile, ila bei baada ya miaka mitano ni 260. Gawio 152 toa hasara ya bei 140, toa makato, huna kitu, na mfumuko umekula juu yake. Mtu huyu wa pili atakuambia kila mwaka nilikuwa napata asilimia 8, na hadanganyi, hajui tu kwamba alikuwa anarudishiwa hela yake mwenyewe.

Makato yale pia yanakuambia kitu kingine, ukinunua na kuuza kila miezi mitatu unamlisha dalali.

Gawio nile au ninunulie hisa nyingine?

Milioni moja, asilimia 8 safi kila mwaka, bei isitikisike. Ukila gawio, baada ya miaka 20 umekula milioni 1.6 na milioni yako ipo, jumla 2.6. Ukirudisha kila gawio kununua hisa kwa faida ileile, inakuwa milioni 4.66. Kinachonishangazaga mimi ni hiki, mwaka wa 17 ilikuwa 3.7 tu, kwa hiyo ile mitatu ya mwisho peke yake imeleta karibu laki tisa na sitini. Mwanzoni hamna kitu unaona, miaka mitano ya kwanza utajiona mjinga kabisa.

Kwa huku kwetu kuna mtihani wake maalum. Kampuni nyingi zinafunga hesabu Desemba, mikutano mikuu inakuwa Mei na Juni, gawio linaingia karibu na hapo. Na Juni ndo mikorosho inataka dawa, ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri. Hela ya mnada ya Novemba imeshaisha kwenye ada, harusi na bati. Gawio la laki mbili likiingia siku hiyo linaenda wapi? Linaenda kwenye bomba. Nawauzia mimi mwenyewe dawa hizo kwa hiyo siwezi kusema msinunue, ila hela ya dawa itengwe Novemba, sio itegemee gawio, vinginevyo ile 4.66 isahau.

Aliyenunua NMB mwanzoni si anakula raha tu?

Toleo la kwanza la 2008 hisa ilikuwa 600. Gawio la mwaka 2024 peke yake, hizo 428.85, ni kama asilimia 71 ya bei aliyonunulia. Ndiyo, anakula raha. Kuna mzee hapa Chikongola akianza hiyo stori kahawa inapoa.

Ila vitu viwili. Asilimia hiyo ni ya kujisifia, sio ya kufanyia uamuzi. Wewe unayenunua leo unanunua kwa bei ya leo, na yeye mwenyewe akitaka kujua kama abaki au auze inabidi agawe kwa bei ya leo kwa sababu hicho ndo anachoweza kukipata akiuza. Pili, hawa ndo tunaowasikia. Walionunua Vodacom 2017 kwa 850 wakakaa miaka wakiangalia bei iko chini ya hapo hawapigi stori kahawani. Ukijifunza kwa washindi peke yao utadhani kila toleo la hisa ni NMB.

Hatifungani za serikali si bora? Riba inajulikana.

Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali, nayo inakulipa riba. Swali zuri na kwa watu wengine jibu ni ndiyo. Mwaka 2021 serikali ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na riba hizo hazikatwi kodi ya zuio. Hisa gani itakupa hiyo mwaka wa kwanza? Hakuna ya kuaminika. Baadaye riba za matoleo mapya zikashushwa, lakini aliyewahi kaishika ileile yake.

Tofauti ni kwamba riba ile haikui. Shilingi laki moja na elfu tisini na tano na mia tano... hapana nimekosea, kwa milioni moja ni laki moja na elfu hamsini na tisa na mia tano kila mwaka, mpaka mwaka wa 25, na mfumuko unaitafuna pole pole. Gawio linaloanzia asilimia 8 likikua kwa asilimia 10 kila mwaka linaifikia riba ile baada ya miaka minane hivi, halafu linapita. Likikua. Hilo neno ndo lina hatari yote ndani yake. Mimi nimegawa, za ada ya watoto ziko kwenye hatifungani kwa sababu tarehe ya ada haijadiliwi, za uzeeni ziko kwenye hisa.

Hatari kubwa ni ipi?

Watu wanadhani ni bei kushuka. Bei kushuka inauma lakini kama kampuni inaendelea kupata faida na huna haraka unavumilia. Zinazonitisha mimi ni mbili.

Ya kwanza ni kutaka kuuza ukakosa mnunuzi. Soko letu ni dogo, kuna hisa za benki zinazouzwa kila siku kwa wingi, na kuna kampuni zinapita siku nyingi hazijauzwa hata hisa moja. Zile hisa elfu mbili zangu za aibu nilipoamua kuzitoa niliweka oda kwa bei iliyokuwa inaoneshwa ubaoni, wiki ikapita, wiki ya pili, ya tatu zikauzwa mia moja na hamsini tu. Bei ya ubaoni isiyo na mnunuzi ni mapambo. Kabla hujanunua angalia ripoti ya siku ya DSE, safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, iangalie kwa mwezi mzima.

Ya pili ni ya kwetu sisi wa Kusini. Shamba lako ni la korosho, duka langu linategemea korosho, bodaboda ya mdogo wako inategemea korosho, nyumba ya kupangisha Masasi wapangaji wake wanalipa vizuri mwaka ambao mnada umeenda vizuri. Mnakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi waligoma bei, serikali ikaingia kununua kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba, na hela zikachelewa kwa wengi. Mwaka ule kila kitu chetu kilisimama kwa pamoja. Kwa hiyo ukinunua hisa tafuta vitu ambavyo havijui korosho ni nini, saruji, bia, simu, benki yenye wateja nchi nzima, na usiweke zote kwenye kampuni moja au sekta moja. Soko letu mabenki ni mengi, ukinunua benki tatu unadhani umetawanya kumbe umenunua kitu kimoja mara tatu.

Nataka za Dangote, si kiwanda kiko hapa hapa?

Kiko Mtwara kweli, ila Dangote Cement iko kwenye soko la hisa la Nigeria, DSE haipo. Saruji utakayoikuta Dar ni Twiga na Tanga. Kuona malori ya kampuni barabarani kila siku sio sababu ya kununua hisa zake anyway, ni sababu ya kuendesha kwa uangalifu.

Nikinunua siku moja kabla rejista ya wanaostahili gawio haijafungwa nikachukua gawio kisha nikauza?

Kila mtu anadhani ameligundua yeye. Tarehe ikishapita hisa inauzwa bila gawio na bei mara nyingi inashuka kwa kiasi cha gawio lenyewe au karibu yake. Toa kodi, toa makato ya kununua na kuuza, umefanya kazi ya bure. Na kama ni zile hisa zisizo na wanunuzi umebaki nazo.

Kuna grupu la WhatsApp wanatoa gawio kila mwezi asilimia 10.

Toka.

Nianzie wapi nikiwa Lindi au Nachingwea, lazima niende Dar?

Huna haja. Unafungua akaunti kupitia dalali mwenye leseni, baadhi ya mabenki yanafanya kazi hiyo, au kupitia Hisa Kiganjani kwenye simu ukiwa na kitambulisho cha NIDA. Angalia jina la dalali kwenye orodha ya CMSA kwanza. Na namba ya akaunti ya benki uijaze sawasawa, kuna magawio ya watu yamekaa miaka hayajachukuliwa kwa sababu mtu alibadilisha laini au benki akasahau kutoa taarifa.

Nikifa je?

Hisa zinaingia kwenye mirathi kama shamba. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama anapeleka nyaraka, zinahamishwa kwa warithi. Tatizo huwa sio sheria, tatizo ni kwamba hakuna anayejua zipo. Mjomba wa Newala, huyo huyo aliyeuza 2018, tulipopanga makaratasi yake mwaka jana tukakuta kumbe hakuuza zote, kuna mia nne alizisahau kwenye akaunti ya zamani, na magawio yote tangu hapo yalikuwa yanasubiri. Alikaa kimya dakika nzima, halafu akauliza kama ng'ombe nao huwa wanasubiri hivyo.

Yangu nimeyaandika kwenye daftari lilelile, ukurasa wa mwisho, jina la dalali, namba ya akaunti ya hisa, idadi, na mke wangu anajua lilipo, nyuma ya katoni za sulfa.